Kalamu nyekundu kwenye kibaraza cha mtu

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi. Kabla sijalala niandike haya, maana yamenikaa kooni tangu Alhamisi.

Mpwa wangu ni fundi cherehani hapa Morogoro. Ana kibanda si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, ana cherehani mbili, na tangu mwaka jana ana blogu. Wiki tatu zilizopita alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Wewe umekaa sana gazetini, naomba unisomee blogu yangu unikosoe. Usinionee haya." Nimeshajifunza kwamba mtu akikwambia usimwonee haya, hapo ndipo inapokupasa kuona haya kidogo. Lakini siku ile nililisahau somo langu mwenyewe.

Nilisanifu kurasa za gazeti moja la Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne, tangu enzi za PageMaker, ile programu ya kompyuta ya kupangia kurasa, na mkono wangu umezoea kukata. Nikamwambia, mama, nipe siku mbili. Nikaifungua blogu kwenye kompyuta, nikaitazama juu juu, kisha nikaichapa yote kwenye karatasi, kurasa 23, nikakaa barazani na kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la saba.

Habari ya kwanza inaanza hivi: "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, ushonaji ni miongoni mwa sekta muhimu." Nikapiga mstari. Ya pili inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai, kisha "ni matumaini yangu kwamba mu wazima wa afya". Ya tatu, "ndugu wasomaji, leo ningependa kuzungumzia". Hakuna hata moja iliyoanza na uzi, au sindano, au mteja amesimama mlangoni na kitenge mkononi.

Ugonjwa huu si wake peke yake. Shuleni tulifundishwa insha na risala, na risala haiandikwi bila mgeni rasmi. Basi mtu akifungua blogu, anamwona mgeni rasmi ameketi mbele, meza ina kitambaa na chupa ya maji, naye anaanza kumsomea. Kumbe aliyekuja kusoma ni jirani tu, amejibana kwenye daladala, zimebaki dakika saba ashuke Msamvu. Blogu ya mtu binafsi ni kibaraza. Kibarazani watu hukaa na kanga na msuli, hawavai tai.

Tena kuna historia. Katikati ya miaka ya 2000, blogu za Kiswahili zilipoanza kusikika, mwandishi Ndesanjo Macha alikuwa na blogu yake, Jikomboe, na ukiisoma ulijua kuna mtu upande wa pili. Mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akaanzisha yake Septemba 2005, akiwa Helsinki: picha na maelezo mafupi yenye utani, na Watanzania wa ughaibuni wakawa wanaamkia humo kutafuta habari za nyumbani. Baada ya hapo kila mwenye blogu alitaka iwe ya habari. Kiongozi anakata utepe. Kiongozi anapokea mfano wa hundi. Taarifa kwa vyombo vya habari imebandikwa nzima nzima, na makosa yake. Waliomuiga Michuzi waliuacha utani, wakachukua utepe.

Halafu zikaja kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni za 2018, mwenye blogu alipie leseni: shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine ya kila mwaka. Mwenye blogu ya matangazo alikaa akapiga hesabu. Mwenye blogu ya kuandika kuhusu bustani yake ya bamia alifunga. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini watu walikwisha hamia Instagram na makundi ya WhatsApp, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo binti wa miaka ishirini na sita akitafuta mfano wa blogu ya Kiswahili, kilicho mbele ya macho yake ni ile ya habari, yenye maneno yanayokimbia juu.

Na yeye alikuwa nayo. KARIBU SANA KATIKA BLOGU YANGU, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kupumzika. Pembeni saa, kalenda, bendera za nchi za wasomaji, kihesabio, na hali ya hewa ya mji ambao nina hakika si Morogoro. Fonti nilizihesabu zikafika tano. Menyu ya Kiingereza kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo, tarehe nayo ya Kiingereza, na chini yake habari ya Kiswahili kuhusu lupu na pindo. Nyumba ya Mluguru yenye kibao cha hoteli.

Nikayaandika yote. Pembeni mwa aya moja moja niliandika "safi", hasa pale mistari ilipokaa sawa kulia na kushoto kama gazeti. Nikampelekea. Akajibu, "Asante mjomba, nimeona."

Kisha kimya. Wiki ya kwanza hakuna kipya, ya pili hakuna. Jumanne dada yangu akapiga, bila salamu: "Kaka, umemfanya nini mtoto?"

Alhamisi mchana nikaenda kibandani. Nilimkuta anakata gauni la sare ya harusi, chaki sikioni. Aliamkia vizuri, akanipa kigoda, akaendelea kukata. Mkasi wake una sauti, hauna papara.

"Mjomba, ile blogu uliisomea wapi?"

"Nyumbani. Niliichapa."

"Ulichapa." Akanyoosha kitambaa. "Mimi sijawahi kumpima mteja kwa kutumia nguo ya kaka yake."

Akanipa simu yake, ile ya kawaida, kioo kina ufa kwenye kona. Akasema wasomaji wake karibu wote wanaingia kwa simu, ameona kwenye takwimu za blogu. Nikasome huko nje.

Nikatoka. Saa saba mchana, jua la Morogoro, milima ya Uluguru imekaa pale inatazama. Sikuona kitu. Herufi zake ni za kijivu juu ya rangi ya waridi, na juani vyote viwili vilikuwa weupe mmoja. Nikaweka kiganja juu ya kioo, nikainama, nikajigeuza kama mtu anayetafuta mtandao. Kipimo kinachotumiwa na wasanifu wa wavuti kinataka tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na kilicho nyuma yake. Nakijua. Ila karatasi yangu ilichapwa nyeusi juu ya nyeupe, kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ya blogu ile halikupata hata nukta moja ya wino wangu.

La pili lilinichoma zaidi. Zile aya nilizoandika "safi" zilikuwa na mashimo. Maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja tunakibebesha mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi, kikabeba bila kulalamika: hawakutushonea, aliponikabidhi, tulivyokubaliana. Kwenye kioo cha simu mstari unachukua herufi thelathini na kitu, yaani maneno manne hivi, mara nyingine matatu. Ukiulazimisha ufike mwisho wa kulia, na hakuna wa kukata neno kwa kistari, nafasi zinabaki katikati kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Gazetini tulinyoosha pande zote mbili, ndiyo. Lakini tulikesha tukikata maneno: "wali-" juu, "pokelewa" chini, na ole wako ukikata pabaya, asubuhi mhariri anakusubiri. Simu yake haikukata neno hata moja.

Picha nazo. Kila gauni lilipigwa kwa simu na kupandishwa lilivyo, MB nne nne. Ukurasa mmoja una magauni sita. Mteja anamaliza bando hajafika kwenye bei.

Nikarudi ndani nikakaa. Nikamwambia hayo matatu, tukayarekebisha palepale, yeye akibonyeza mimi nikielekeza. Mistari tukaianzisha sawa kushoto na kuiacha iishie inapoishia kulia. Herufi nyeusi. Ile mistari ya maneno yanayokimbia akaifuta mwenyewe bila kuambiwa, akasema, "Hii hata mimi ilikuwa inanitia kizunguzungu, nilidhani ndivyo inavyotakiwa." Kazi yote haikuzidi robo saa, na ilifaa kuliko kurasa zangu 23.

Nikadhani tumemaliza. Akafungua droo ya cherehani, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ukurasa wa kumi na moja.

"Mengine hayakuniuma, mjomba. Hili ndilo lililoniuma."

Ni habari ya mama mmoja mfiwa aliyemletea mashati matatu ya marehemu mumewe ili yakatwe nguo za watoto. Aliandika hivi: "Nikalitandika shati la kwanza mezani. Nilipochukua mkasi yule mama akaushika mkono wangu. Akasema, usiikate mfuko, mwanangu. Mfuko acha hivyo hivyo. Nikashona gauni la mtoto wa miaka minne lenye mfuko wa baba yake, unafika magotini."

Juu yake wino wangu mwekundu: "usiukate (ngeli!)". Pembeni: "Fupisha."

Fupisha nini, sijui. Nimesoma aya ile mara nyingi tangu juzi na sioni pa kutoa hata neno. Nadhani mkono ulikuwa umechoka na kukata ndilo jambo ulilolizoea.

Kuhusu ngeli nilijitetea. Nikamwambia mfuko ni u na i, wasomaji watasema fundi hajui Kiswahili. Akasema, "Lakini yule mama alisema usiikate. Nikiandika usiukate, anayeongea ni wewe."

Nilinyamaza. Kwa miaka kumi na minne tuliwasemesha watu wote Kiswahili kimoja. Waziri, mvuvi wa Kigoma, shahidi wa kesi ya wizi wa ng'ombe, bibi aliyebomolewa nyumba, wote walipofika mezani kwetu walitoka na sentensi zilizonyooka, ngeli zimekaa, hakuna aliyejikwaa. Tuliona tunawastahi. Huenda kweli, kwa baadhi yao. Lakini sikumbuki sauti ya hata mmoja, na bibi yule wa nyumba nilimwandikia kichwa cha habari mimi mwenyewe.

Nikachukua kalamu yangu (naitembeza mfukoni, ni tabia mbaya) nikafuta nilichoandika. Ilikuwa nyekundu juu ya nyekundu, ikazidi kuchafuka.

Yapo ambayo sikurudi nyuma, niseme ukweli. "Nilipo fika" si Kiswahili cha mtu yeyote, wala "ana kuja", wala "wali niambia". Hakuna mama aliyewahi kutamka pengo lile. Pengo limeletwa na kidole na kibodi, na msomaji anakwama kila hatua. "Mwisho wa siku" nayo nimemwomba aiache, kama habari haihusu jioni. Alicheka, akakubali la kwanza, la pili akasema atafikiria.

Na utangulizi wa sayansi na teknolojia? Nilimuuliza kwa nini anaanza hivyo wakati habari ya mashati aliianza moja kwa moja na mashati. Alisita. Akasema ile ya mashati aliiandika usiku baada ya mama yule kuondoka, hakukumbuka kwamba kuna watu watasoma.

Jioni ile alirudi kuandika. Habari fupi, aya nne, kuhusu sare za harusi na mashangazi wanaobadili vipimo kila wiki. Inaanza na shangazi. Nimeisomea kwenye simu, nimesimama uani, na ilisomeka.

Ndipo leo, umeme ulipokatika na sina la kufanya, nikafungua kwa simu blogu yangu ya zamani. Niliianzisha 2008, nikaacha kuandika Juni 2018. Sikuwa nimeiangalia tangu siku ile. Bluu iliyoiva, herufi za njano. Mistari imenyooshwa pande zote mbili, na mashimo yake. Saa. Kihesabio. Picha yangu nimevaa suti iliyonizidi mabega. Habari ya mwisho inaanza: "Ndugu wasomaji, ningependa kuchukua nafasi hii."

Nikamtumia mpwa wangu kiungo. Nikaandika: nikosoe na wewe, usinionee haya.

Jibu limeingia sasa hivi, pamoja na umeme.

"Shikamoo mjomba. Nimeanza kusoma. Ila kwanza niambie, hiyo theluji inayoanguka juu ya maandishi ni ya nini, na sisi tuko Morogoro?"

Niliiweka Krismasi ya 2009. Sikujua namna ya kuitoa.