Tafakari ya wiki: Siku tatu bila kula

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Poleni na majukumu. Najua tafakari imechelewa, ilikua itoke juzi ila nilikua namalizia kitabu, na kitabu chenyewe ndio kimegeuka kuwa tafakari, kwahiyo leo mtanivumilia maana naanzia mbali, Paris, mwaka 1858.

Neno letu ni Ezekieli 16:49, usiniamini mimi, fungua usome mwenyewe. Sodoma tumezoea kuitaja kwa dhambi ile moja, na tukishaitaja tunajiona sisi hatumo. Sasa angalia nabii anavyohesabu: kiburi, na kushiba chakula, na raha ya kufanikiwa, alafu kwamba hakuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Kushiba! Miaka yote nilikua napita hapo kama napita kibandani kwa mtu anayenidai. Kushiba imekua kosa tangu lini, si ndio tunashukuru kila tukiinuka mezani?

Basi kitabu kinaitwa Le Ventre de Paris, yani Tumbo la Paris, kiliandikwa na Émile Zola na kikatoka 1873. Zola hakua mtu wa kanisa, niseme mapema kabla hamjaniuliza, na vitabu vyake vyote viliishia kwenye orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa. Ila njaa alikua anaijua. Baba yake, injinia, alikufa Zola akiwa bado mtoto, familia ikaanguka, na ujana wake Paris aliuishi kwenye vyumba vya baridi akihangaikia kibarua. Habari hii hakuisikia kwa jirani.

Kitabu kinaanza usiku. Mikokoteni ya mboga inaingia mjini kutoka mashambani, foleni ndefu, farasi wanajua njia kuliko wenye mali ambao wamesinzia juu ya kabichi zao. Farasi wa mama mmoja mkulima wa Nanterre anagoma kwenda. Kumbe kuna mtu amelala katikati ya barabara, mwembamba, hana nguvu hata ya kujivuta pembeni. Mama hana maswali mengi, anampandisha juu ya karoti safari inaendelea. Huyo ndio Florent. Alikua mwalimu, mtu mpole, desemba 1851 Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa wakati huo, alipopindua serikali na askari wakafyatua risasi barabarani, alikutwa na damu mikononi, damu ya dada wa watu aliyeanguka juu yake, basi wakasema huyu ni muasi wakampeleka Cayenne, kule Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, kwenye magereza ya ng'ambo. Ametoroka. Anarudi nyumbani kwa miguu na tumbo tupu, na sehemu anayofikishwa ni Les Halles, soko kuu la Paris, lile la chuma na vioo alilojenga Victor Baltard, jipya kabisa wakati huo.

Hapo Zola anakuchosha makusudi. Kurasa na kurasa za vyakula, milima ya karoti, kabichi, samaki, siagi, nyama, jibini zinazonuka mpaka unahisi zimeshika kwenye shati lako, na katikati yake huyu mtu anatembea na kizunguzungu, kila akigeuka anakutana na chakula na hakuna hata kimoja chake. Nimelisoma nikiwa nimekula ubwabwa na nikasikia njaa. Nikaacha nikaenda kufungua friji, kweli kabisa, ndio nikaona aibu nikarudi kukaa.

Sasa Florent ana mdogo wake, Quenu, mama mmoja baba tofauti. Mama yao alipokufa Florent aliacha masomo ya sheria akafundisha watoto wa watu kwa ujira mdogo ili amlee. Huyo mdogo sasa ana duka la nyama ya nguruwe karibu na soko, kitimoto kama tunavyoita sisi huku Dar, limejaa vioo na marumaru, na mke wake anaitwa Lisa. Mwanamke mzuri, mnene, mweupe, aproni haina doa, anasimama mlangoni pa duka na ukimwangalia tu unajua humu ndani mambo ni safi. Wanampokea Florent. Tena sikilizeni hili maana ndio linaniuma: mjomba wao alikufa akaacha faranga 85,000 alizozificha kwenye pipa la nyama ya chumvi, na Florent alivyorudi Lisa mwenyewe, bila kuombwa, alikaa na kalamu na karatasi akamhesabia nusu yake mpaka senti ya mwisho akamwambia chukua, ni haki yako. Florent ndio alikataa. Kwahiyo msije mkasema Lisa ni mwizi. Kwenye kanisa letu huyu angekua mweka hazina na hesabu zingekua zinasomwa kwa wakati!

Jioni moja wako jikoni wote, wanatengeneza soseji za damu, mafuta yanachemka, kuta zenyewe zinatoa jasho la mafuta. Binti yao mdogo anamuomba Florent amsimulie hadithi ya yule bwana aliyeliwa na wanyama, basi Florent anaanza, hapo zamani palikua na mtu maskini, na kila mkubwa pale ndani anajua ni yeye mwenyewe. Anasimulia wali wenye funza waliokua wanapewa, nyama iliyooza, kutoroka, na siku tatu bila kutia kitu mdomoni. Lisa anasimamisha mikono. Anasema hilo hataliamini, hakuna mtu aliyewahi kukaa siku tatu bila kula, watu wakisema fulani anakufa njaa ni maneno tu, mtu hula bwana, kidogo au kingi atakula. Labda awe ametupwa kabisa, mtu aliyepotea. Na Zola anaongeza kwamba macho yake yalisema alichomezea mdomo: wanaofunga namna hiyo ni mabaradhuli peke yao. Kwake mtu aliyeweza kukaa siku tatu bila kula ni mtu wa hatari, maana watu waaminifu hawajiingizi kwenye hali kama hizo.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema. Siku zote nilidhani maana yake hana habari tu. Lisa habari anazo! Amesimuliwa na mwenye njaa mwenyewe, jikoni kwake, na shida yake sio kwamba hakusikia, shida ni kwamba akiamini inabidi kitu fulani ndani yake kihame. Basi ikawa rahisi kumuona mwenye njaa kuwa ndio mkosaji.

Niseme langu. Kuna mama anakuja kutufulia jumamosi. Miezi miwili nyuma alifika amechelewa, nikamtania, akaniambia samahani dada jana na juzi hatukuwasha moto nyumbani, nimeamka sina nguvu. Na mimi nikacheka wapendwa. Nikamwambia we mama nawe, hata uji? Yani kabisa, hata uji. Akatabasamu akainama kuloweka nguo. Baadae nikawa namsimulia mume wangu kwamba mama wa kufua anataka kuongezewa hela ila anazunguka. Sikuona kama nimefanya dhambi. Na jumapili ile, kinachonichoma zaidi, niliongoza ushuhuda kwa Zaburi 37:25, nalikuwa kijana nami sasa ni mzee, lakini sijamwona mwenye haki ameachwa, wala mzao wake akiomba chakula. Mkasema amina. Daudi anamsifu Mungu pale na mstari ni mtamu, sibishani nao, ila mkononi kwangu siku ile uligeuka ukawa mstari wa Lisa: kama watoto wako wamelala njaa basi, dada, tuangalie haki yako iko wapi.

Turudi Paris kidogo. Florent anapata kazi ya ukaguzi soko la samaki, aliyemtangulia ni mgonjwa basi sehemu ya mshahara anampelekea, jioni anakaa kilabuni na wenzake wanapanga mapinduzi ya maneno matupu. Sokoni umbea unapanda. Kuna rafiki yake mchoraji, Claude, anamwambia dunia hii ni vita ya Wanene na Wembamba, na kwamba Kaini alikua Mnene na Abeli Mwembamba. Hilo halimo kwenye Biblia yangu ila limenikaa kichwani wiki nzima.

Lisa anaogopa biashara yake. Kabla hajapekua chumba cha shemeji yake anaenda kwanza kanisani, Saint-Eustache, ubavuni mwa soko, kumuuliza padri kama dhamiri inaruhusu. Padri anamjibu kwa kuzungukazunguka, kistaarabu, na Lisa anatoka pale na alichokuja kukitafuta. Hapa nilifunga kitabu nikakaa. Ni mara ngapi nimeenda kwa mchungaji nikiwa nimeshaamua, natafuta tu mhuri? (Kanisa lenyewe bado lipo. Soko lilihamishiwa Rungis, nje ya Paris, 1969 na majengo ya Baltard yakabomolewa miaka michache baadae, ila tangu 1984 pale Saint-Eustache kuna watu wanagawa supu kwa wasio na makazi wakati wa baridi. Mungu ana namna yake ya kujibu maswali yaliyojibiwa vibaya.)

Basi Lisa anaenda polisi kumchongea. Anafika pale anaonyeshwa faili, kumbe barua za kumchongea Florent zimeshajaa, nusu ya mtaa umeandika, na serikali ilikua inamjua tangu aliposhuka melini. Yeye kaja wa mwisho. Florent anakamatwa, anarudishwa Cayenne, soko linapumua, matumbo yanarudi mlangoni. Claude anawaangalia wote wamenenepa kwa furaha, na kitabu kinaishia na yeye akisema hawa watu waaminifu ni mabaradhuli kweli! Neno ni lilelile. Lile ambalo Lisa alimuwazia mwenye njaa jikoni, limerudi kugonga mlango wake mwenyewe.

Alafu nikasoma Luka 16 tena. Yule tajiri hatuambiwi aliiba wala kwamba alimpiga Lazaro. Hata hakumfukuza mlangoni, angetaka angemwondoa. Alimwacha pale na vidonda vyake anatamani makombo ya mezani, na akishafika kuzimu anamtaja kwa jina, anamwambia Ibrahimu umtume Lazaro, kwahiyo alikua anamjua! Mtu unaweza kumjua jina, unajua anapolala, na bado njaa yake ikawa kwako ni namna ya kusema tu.

Maombi yetu wiki hii nayachukua kwa Aguri, Mithali 30, anapoomba alishwe chakula kilicho kadiri yake, asije akashiba akamkana Bwana. Naomba tuyaombe kweli, sio kwa mdomo tu, japo nakiri ni maombi magumu kwa mtu ambaye friji yake inafungwa kwa kusukuma na goti.

Jumamosi mama wa kufua anakuja. Nimeshamwambia binti chai na viazi viwe tayari kabla hajaloweka nguo, na nikae nae mezani, sio apelekewe uani. Nitaanzaje kumwambia kuhusu ile siku niliyocheka bado sijui. Nimejaribu sentensi tatu usiku huu na zote zinaanza na "unajua mama, mimi sikumaanisha".