Kiti cha Kukulia

Mamangu hajawahi kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha. Sare ya shule, viatu, kanzu ya Idi, vyote huwa vya kukulia: pindo linakunjwa mara mbili, kiatu kinatiwa pamba mbele, na ukinung'unika unaambiwa utakua. Sote tulilelewa hivyo. Kwa hiyo siku ya kumpeleka mwanangu kupimiwa kiti cha magurudumu, Mama aliposema naye anakuja, nilijua tukiwa bado kwenye feri kwamba huko tuendako hapatakosa maneno.

Mwanangu alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa akiwa mchanga, na miguu yake haina nguvu wala haihisi. Mikono anayo, na mdomo anao zaidi.

Kiti alichokuwa akitumia tulipewa na wafadhili waliokuja na kamera na fulana za maandishi. Nia yao sina la kusema. Lakini kile kilikuwa kiti cha hospitali, cha mtu mzima: pa kukalia upana sentimita 46, na kutoka mgongoni hadi ukingoni sentimita 41. Akikaa vizuri, magoti hayafiki ukingoni, miguu inasimama mbele imenyooka. Ili ikunjike, ilimbidi ateleze mbele akalie mkia, mgongo umepinda. Magurudumu nayo yalikuwa mbali, huku na huku, akiyafikia kwa kupanua viwiko mpaka mabega yanapanda. Akisukuma kidogo anachoka, anamwita dadake. Majirani wakasema mtoto kadeka. Kisha kikaja kidonda, hapo hapo kwenye kifupa cha mkia. Mtoto asiyehisi halii. Nilikiona mimi nikimwogesha, na kilichukua miezi kufunga. Daktari aliyekitibu ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda karakana ya viti.

Karakana iko ng'ambo, mjini Mombasa. Chumba kirefu, feni moja, harufu ya gundi na sponji. Fundi mwenyewe alitujia akisukuma kiti chake cha magurudumu. Mwanangu akamkodolea macho mpaka nikaona haya.

"Sabalkheri, Bi Mkubwa," akamwamkia Mama kwanza. Halafu akamgeukia mtoto: "Na wewe bwana, kiti ni chako au ni cha mamako?"

"Changu."

"Basi maswali nakuuliza wewe."

Na maswali yalikuwa mengi kabla futi haijaguswa. Unakaa wapi? Likoni. Nje ya nyumba pana nini? Mchanga, kisha kabro, kisha lami. Unapanda nini? Tuktuk na feri. Choo kiko ndani? Mlango wake upana gani? Hapo nikajibu mimi, maana nilishaupima kwa kamba: sentimita 58. Fundi akatuambia kwamba kiti cha aina hii, upana wa nje huzidi wa ndani kwa kama sentimita 20. Nikapiga hesabu ya kiti cha wafadhili, 66, nikajua kwa nini miaka yote hiyo nilikuwa nikimbeba mtoto hadi chooni huku kiti kimebaki ukumbini.

Alituonyesha viti viwili. Kimoja cha magurudumu matatu, lile la mbele limetangulizwa mbali. Kile ni hodari wa mchanga na mashimo, hakipinduki ovyo. Mwanangu alikitamani palepale. Lakini hakikunjiki, na ukikiwazia ndani ya tuktuk, au kinajaribu kugeuka kwenye ukumbi wetu, unaona kabisa kitaishia kulala nje. Cha pili kilikuwa cha magurudumu manne, kinakunjika, ya mbele ni madogo ila mapana kidogo, yasizame mchangani. Tairi za nyuma ni za kiasi cha baiskeli ya mtoto, na hilo kwangu ndilo lililomaliza ubishi: tyubu zake zinapatikana, na pancha ataziba fundi baiskeli wa mtaani.

Kisha kupima. Alimkalisha kwenye benchi gumu, miguu juu ya vitabu ili magoti yakunjike sawasawa. Akaweka vibao viwili, kila upande wa nyonga kimoja, akapima kati yake: 26. Nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti: 34. Akaandika kiti upana 28, urefu wa pa kukalia 30.

Mama alikuwa akisoma begani kwake. "Ishirini na nane? Mwanangu, mtoto huyu anakula. Tia thelathini na tano, akue nacho."

"Bi Mkubwa, suruali ikiwa kubwa utaikunja. Kiti utakikunja wapi?"

"Utatia mito ubavuni."

Fundi hakubishana. Alimrudisha mtoto kwenye kiti cha zamani, akamwambia ajisukume hadi mlangoni. Alifika, akihema. Akamhamishia kwenye kiti cha majaribio cha 28, akamwambia tena. Safari hii hakusimama mlangoni. Tulisikia magurudumu yanazunguka uani, na ikabidi aitwe mara nyingi ndipo arudi. Mama akatafuta pa kukaa.

Ndipo fundi akamweleza, kwa upole, kwamba nafasi ya kukua ipo, ila haiko ubavuni. Mtoto hurefuka upesi kuliko anavyopanuka. Kwa hiyo nguzo za kuegemea zina matundu ya kuzirudisha nyuma, mpaka 30 ile ifike 36. Pa kukanyagia panateremshwa. Upana ukifika wakati wake, hubadilishwa vyuma vile vilivyopishana chini ya kiti, pamoja na kitambaa. Nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Ikizidi vinne, amekua, njooni. Tundu la kwanza tulilihama kabla ya mwaka kwisha.

Kilichochukua muda kuliko vyote ni mto. Sponji ngumu chini, laini juu, na mtoto ameketi. Fundi alipenyeza kiganja chini yake, kati ya mto na mfupa wa kalio, akaniambia nifanye vile vile. Upande wa kulia niliweza kuchezesha ncha za vidole. Wa kushoto zilibanwa, mfupa umezikalia, hazitikisiki. "Hapo ndipo kidonda cha pili kingeanzia," akasema. Akautoa mto, akachonga sponji ya chini kwa kisu, akarudisha, nikapima tena. Akachonga tena. Sijawahi kuona mtu mwenye subira vile na kipande cha sponji. Alipomaliza alimfundisha mtoto kuinamia mapajani mara kwa mara akiwa darasani, damu ipite.

Mama alipata pake hapo. Alitaka foronya mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kazini, na akauliza nani atazuia kutu, maana Likoni chuma hakidumu. Fundi akacheka, akaandika foronya mbili, na akanielekeza kufuta vyuma kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na kutia mafuta.

Mwisho magurudumu. Mtoto aliachia mikono ining'inie, na ncha ya kidole cha kati ikagusa katikati ya gurudumu, penye ekseli. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini ekseli yenyewe ina matundu: ukiisogeza mbele, kiti kinakuwa chepesi kusukuma, ila kinapenda kulala chali mlimani. Kwa sababu ya mwinamo wa feri, fundi aliiweka nyuma kidogo na kuongeza vijiti vya kuzuia kupinduka, tutaisogeza akishazoea.

"Ami," mwanangu akamuuliza akiwa ameshika spana, "chako kilikua na wewe?"

"Nimevimaliza vinne."

Tuliporudi maji ya bahari yalikuwa yametoka, na maji yakitoka njia ya kupandia feri huwa mwinamo mkali. Kushuka tulishuka kinyumenyume, mimi nyuma yake, kama tulivyofundishwa. Upande wa Likoni alijipandisha mwenyewe, kifua mbele, umati unampita. Katikati ya mlima kijana mmoja akadaka vishikio bila neno na kuanza kukimbia naye.

"We ami! Si uniulize kwanza!"

Kijana akasimama, akaachia. "Samahani, bwana mkubwa. Nikusukume?"

Mwanangu alitazama juu, akatazama mikono yake. "Haya. Sukuma."