Mforosadi wetu umeiva

Jamani, forosadi zimeanza! Miaka mitatu iliyopita jirani yetu hapa Kimara, bibi mmoja mwenye mkono wa baraka, alinikatia kijiti tu nikakichomeka kwenye ndoo. Leo mti umefika dirishani.

Siku zote nilidhani mforosadi hautoi maua. Kumbe vile vishada vya kijani vyenye nyuzinyuzi nyeupe ndiyo maua yenyewe, madogo mno, na upepo ndio unaoyachavusha. Kila kijiua kinavimba kuwa kichembe kimoja, kwa hiyo forosadi moja ni maua mengi yaliyoshikana! Zile beri nyeusi za porini zenye miiba, zinazofanana nazo sana, ni tofauti: vichembe vyote vinatoka kwenye ua moja.

Haziivi kwa pamoja. Tawi moja utakuta kijani, nyekundu na nyeusi. Mwanangu kachuma nyekundu, kakunja uso kwa uchachu. Nikamwonyesha nyeusi tii, ile ukiigusa tu inakubali kutoka. Akanyamaza, akala, akaomba nyingine.

Shati lake la shule lina madoa ya zambarau. Nina furaha mno. Majirani, njooni na bakuli.