Nilivyookoa vifaranga kwa ndoo ya utumbo wa samaki

Kwa anayefuga kuku wa kienyeji huku Kigamboni, mwewe si tatizo kubwa. Mwewe huja peke yake, mama kuku akamwona, akalia, vifaranga wakakimbilia chini ya mbawa. Kunguru huja kwa ushirika: mmoja anamchokoza mama kwa mbele mpaka amfukuze, mwenzake anatua nyuma na kubeba.

Nawasema hawa wenye shingo ya kijivu, asili yao India. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Kazi wakaifanya, kisha wakavuka maji; kufika 1947 walishaonekana Mombasa. Mayai na makinda ya ndege wengine wanayafuata viotani. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, mtaani kwangu simwoni tena.

Nilianza kwa kupaka vifaranga rangi ya waridi, kama wengi wanavyoshauri. Ilisaidia siku za mwanzo, wakazoea. Nikaangusha kiota chao kwenye mwarobaini. Tangu hapo wananijua sura, nikitoka tu wananishukia kichwani. Mume wangu hawamgusi!

Kilichozuia wizi ni wavu. Nilinunua nyavu chakavu kwa wavuvi, nikatandaza juu ya kiuanja kidogo na kubana pembeni kwa mawe. Vifaranga wanashinda humo na mama yao mpaka manyoya ya mgongoni yajae.

Ila kunguru hawakuondoka, walikaa juu wakisubiri. Nikafuatilia wanakula wapi. Kumbe nyuma ya banda la jirani anayekaanga samaki, utumbo unamwagwa chini kila jioni. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sisi tulikuwa tunamfuga mtaa mzima.

Nikampelekea ndoo yenye mfuniko. “Mama, utumbo nitauchukua mimi.”

“Chukua mwanangu, utumbo wenyewe unanuka tu.”

Nauchemsha vizuri, nachanganya na pumba, kuku wanagombania. Kundi la kunguru limepungua sana, wengi wamehamia jalala la sokoni. Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu maalumu. Mimi nina watoto na paka, sumu siigusi.

Jirani naye ameshaona kuku wangu walivyonenepa. Sasa kila ndoo anaidai mayai.