Vidonge vya ami

Jamani ami yangu wa Wete alianza na kichwa tu, sie huku tunamkanda kwa mafuta ya karafuu, mpaka siku akamtazama mkewe akamuuliza "we nani?" hapo ndo tukakimbilia boti ya Unguja. Kumbe TB imeingia kwenye utando wa ubongo. Pamoja na dawa za TB akapewa deksamethasoni, sindano kwanza kisha vidonge, mie nikang'aka, si steroidi hizo wanazotumia wabeba vyuma?? Dokta akacheka weee, akanambia hizi ni aina nyengine, zinafanana na homoni ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kwenye tezi zilo juu ya figo, kazi yake hapa kupunguza uvimbe.

Usiku nikasoma mpaka bando likaisha. Ubongo si neva tu, kuna seli wasaidizi zinaitwa glia, Kigiriki hicho maana yake gundi, nyengine zina umbo la nyota na ndo zinazilisha neva, zikizidiwa na zenyewe zinaumia. Maabara wameona baadhi ya steroidi zinazikinga, ila ya maabara na ya mtu mbali mbali, projesteroni, moja ya steroidi hizo, ilijaribiwa kwa waloumia kichwa, majaribio 2 makubwa yakatoka 2014, faida hakuna.

Ami sasa njaa tu, jana kamaliza sahani mbili za pweza, na sukari imepanda kidogo. Dozi inashushwa taratibu, marufuku kuacha ghafla, mkewe kila asubuhi anavihesabu vidonge kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, na ami jina la mkewe halikosei tena alhamdulillah.