Daftari la mauzo ndilo lililonionyesha pumu yangu inakotoka

Kwa miaka mingi shangazi yangu alikuwa akinikanya: "Mwanangu, ukiizoea hiyo dawa ya kuvuta, hutaiacha mpaka kaburini." Nikamsikiliza. Inhela ya buluu, ya kufungua kifua haraka, niliivuta kwa kujificha, tena kifua kikiwa kimeshabana. Ile ya kahawia, ambayo ndiyo ya kila siku, ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ilikaa kabatini haijafunguliwa. Mwisho wake nililazwa siku mbili nikiwa kwenye oksijeni. Shangazi nampenda, lakini ushauri ule bado unaniuma.

Siku ya kutoka, daktari aliniambia nitafute kipimo cha kupuliza. Ni kibomba cha plastiki chenye namba ubavuni na kimshale kinachosukumwa na pumzi yako, kinaonyesha unatoa hewa kwa kasi gani, lita ngapi kwa dakika. Hapa kwetu Busia sikukipata. Nilimtuma dereva wa teksi anayekwenda Kampala, na pamoja na chai yake zilinitoka kama shilingi elfu sabini za Uganda hivi.

Nikaanza kupuliza asubuhi na jioni, nimesimama wima, kabla ya dawa, mara tatu, naandika namba kubwa kuliko zote. Siku ya tatu nikapata 520! Nilifurahi sana. Nikaichukua hiyo kuwa kiwango changu bora, nikapiga hesabu: asilimia 80 yake ni 416. Juu ya hapo ni salama, chini ya hapo ni tahadhari. Basi wiki mbili nzima nikawa kwenye tahadhari kila siku. Napata 390, naogopa. Napata 400, silali. Nilikuwa mzima, natembea, nauza, lakini kipimo kinasema naumwa. Nikakaribia kukitupa.

Nikakipeleka kliniki. Sista akasema, "Puliza nikuone." Nikapuliza, kimshale kikaruka hadi 500. Akatikisa kichwa. "Mama, unatema. Hiyo ni nguvu ya ulimi na mashavu. Mimi nataka hewa ya kifuani." Akanishika mabega, akaniambia nivute hewa mpaka mbavu zijae, nibane midomo kwenye kibomba bila kuuzuia mlango kwa ulimi, kisha nipulize mara moja kwa ghafla, kama anayezima koroboi iliyo upande wa pili wa chumba. Ikasoma 380. Tukarudia, 385, kisha 380. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile 520 yangu ilikuwa mate matupu.

Nikaanza upya wiki mbili, dawa ya kahawia naivuta bila kuruka, na kiwango changu cha kweli kikatulia kwenye 410. Asilimia 80 ni kama 328, nusu ni 205. Nikachukua rangi ya kucha nikachora mistari miwili ubavuni mwa kipimo, ya njano na nyekundu, ili hata binti yangu wa miaka tisa asome usiku. Anajua: chini ya nyekundu ananipa ya buluu na kumwita baba yake anipeleke hospitali, hakuna kungoja kukuche. Na nikishindwa kumaliza sentensi, asitafute kipimo kabisa, aite mtu tu.

Tena usipulize kwenye kipimo cha jirani ukalinganisha na chako. Vipimo havisomi sawa.

Sasa daftari. Sikununua jipya, niliandika namba pembeni mwa mauzo ya nafaka, kwa sababu hilo ndilo ninalolifungua kila siku bila kukosa. Mwezi wa pili wa kuandika namba, nikawa nahesabu magunia, jicho likapita pembeni. Siku tuliyomwaga na kupepeta mahindi ndani ya stoo: asubuhi 400, jioni 350. Kesho yake asubuhi 310. Nikarudi nyuma kurasa nne. Kila palipoandikwa "kupepeta", namba imeporomoka, na kifua chenyewe kilikuja kubana siku moja au mbili baadaye. Miaka yote nililaumu baridi ya asubuhi na moshi wa makaa. Kumbe ni vumbi la mahindi yangu mwenyewe!

Sasa tunapepeta nje, na mimi nakaa upande upepo unakotoka, nimejifunga barakoa. Makaa pia nimeyatoa jikoni.

Juzi kliniki daktari aliniuliza, kama anavyouliza siku zote, "Mwezi huu kifua kilikusumbua mara ngapi?" Zamani ningesema "kidogo tu." Nikamfungulia daftari. Akapitisha kidole pembeni mwa bei za maharage, ukurasa baada ya ukurasa, akaikuta 310 moja tu, siku mvua ilipotulazimisha kupepeta ndani. Dawa hakubadilisha. Akaomba apige picha ule ukurasa awaonyeshe wagonjwa wengine, nikamkubalia.