Jinsi nilivyotatua tatizo la injini ya Boeing 737 iliyokataa kuwaka

Rubani alipogeuza swichi ya kuwashia injini namba 2, hakuna kilichozunguka. Katika ndege hii stata haiendeshwi na betri, bali na hewa yenye presha itokayo kwenye injini ndogo ya mkiani. Hewa hiyo hupita kwenye vali na kuzungusha stata, nayo stata huzungusha rota ya ndani, yaani sehemu ya injini inayozunguka, hadi ifike takriban asilimia 25 ya mwendo wake, ndipo mafuta hufunguliwa.

Kabla ya kugusa chochote niliitazama geji ya presha, ambayo kwangu ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi: vali ikifunguka, mshale hushuka papo hapo kwa kuwa hewa inatumika. Mshale haukutikisika. Hewa ilikuwapo, ila vali haikufunguka. Tulipokwisha kuondoa presha kwenye mabomba, nilipima plagi ya vali nikakuta volti 28 zinafika sawasawa, hivyo nyaya zilikuwa nzima na vali yenyewe ndiyo iliyokwama. Tuliibadilisha kwa kufuata kitabu cha matengenezo, kisha tukajaribu tena: mshale ulishuka, injini ikawaka, na rota ilipofika asilimia 56 stata ikajitoa yenyewe.